Nyigu wa Encarsia kwenye kitalu nyumba: dalili, chanzo na marekebisho

Malalamiko kuhusu nyigu wa Encarsia, mdudu mdogo anayeua inzi weupe kwa kutaga ndani ya watoto wao, karibu yote huja kwa sentensi moja: tumeachia nyigu, inzi weupe bado wapo. Hapo hujaambiwa kitu. Huenda kadi zenye pupa za nyigu (nyigu ambao bado hawajatoka kwenye gamba) zilifika zimekufa. Huenda dawa iliyopigwa miezi miwili iliyopita bado imeganda kwenye majani, au usiku kuna baridi mno, au nyigu wanachapa kazi vizuri ila mkaguzi anaangalia jani lisilo lenyewe. Kila chanzo kina alama zake, na alama karibu zote ziko upande wa chini wa jani. Kabla ya kuagiza kadi nyingine, na kabla ya kushika pampu ya dawa, tafuta lenzi ya mkono ya kukuza mara 10 hadi 15.

Jenasi ya Encarsia ina spishi zaidi ya 400, nyingi zikiishi kwa kushambulia inzi weupe na wadudu gamba. Anayeuzwa kwenye kadi kwa ajili ya vitalu nyumba ni Encarsia formosa, na ndiye anayezungumziwa hapa. Sifa yake ilianzia chini ya jani pia: mwaka 1926 mkulima wa nyanya huko Hertfordshire, Uingereza, aliona tunutu weusi kati ya tunutu wa kawaida wa inzi weupe (watoto wasio na mabawa), na E. R. Speyer wa kituo cha utafiti cha Cheshunt akafuatilia. Miaka ya 1930 kituo hicho kilikuwa kinazalisha zaidi ya nyigu milioni moja kwa mwaka. Dawa za kemikali zikamsahaulisha baada ya Vita vya Pili vya Dunia, hadi inzi weupe walipozizoea dawa hizo na wakulima wakamrudia miaka ya 1970.

Mambo yakiwa sawa, unaona nini?

Nyigu mzima ana urefu wa takriban milimita 0.6. Kichwa na kifua ni cheusi, tumbo ni la manjano, na karibu wote ni majike. Chini ya lenzi utamwona akitembea haraka chini ya jani huku akigongagonga kwa vipapasio. Akimgusa tunutu wa inzi mweupe anasimama, anampima kwa vipapasio kutoka upande hadi upande, kisha anageuka kinyumenyume na kuchoma sindano yake ya kutagia. Hutulia hapo kwa muda. Ukiona hivyo hata mara moja kwenye jani, tayari umefuta nusu ya orodha ya visababishi.

Jike hupendelea kutaga ndani ya tunutu wa hatua ya tatu na mwanzo wa hatua ya nne. Wale wachanga wa hatua za kwanza mara nyingi huwachoma na kunywa majimaji yao tu, nao wakanyauka na kubaki bapa, rangi ya kahawia. Kumbuka hilo unapohesabu: kifo cha aina hiyo hakiachi gamba jeusi kama la tunutu aliyetagwa, kwa hiyo magamba meusi peke yake hupunja kazi halisi ya nyigu.

Tunutu aliyetagwa haonyeshi kitu mwanzoni. Mtoto wa nyigu akifika karibu nusu ya makuzi yake ndipo gamba la inzi mweupe wa vitalu, Trialeurodes vaporariorum, hugeuka jeusi la kung'aa. Mwisho nyigu hutoboa tundu la mviringo, safi, juu ya gamba na kutoka. Inzi mweupe mwenyewe akitoka huacha ufa wenye umbo la herufi T, na vipande viwili vilivyofunguka kando. Tofauti hii ya tundu na ufa ndiyo kipimo cha kuaminika kuliko vyote katika kazi hii, maana maganda matupu hubaki kwenye jani muda mrefu na hayadanganyi.

Wiki tatu zimepita na hakuna gamba jeusi hata moja

Anza na swali la jani gani limeangaliwa. Inzi weupe wazima hutaga kwenye majani machanga ya juu, na mkaguzi hufuata wazima hao. Lakini gamba jeusi la leo lilikuwa yai la inzi wiki tatu na nusu hadi nne zilizopita: wiki mbili au zaidi hadi tunutu afike umri unaofaa, kisha siku kama 10 tangu atagwe hadi awe mweusi, kwa joto la wastani la nyuzi 21 hadi 24. Mnyanya wenye afya kwenye kitalu nyumba hutoa majani kama matatu kwa wiki. Kwa hiyo jani lililobeba yai lile sasa ni la kumi hadi la kumi na mbili kutoka kileleni. Ukikagua majani matano ya juu unasoma mayai na tunutu wachanga tu, na hakuna nyigu duniani anayeweza kukuonyesha gamba jeusi pale. Kwenye tango, linalokua haraka zaidi, teremka chini zaidi.

Kama umeangalia majani sahihi na joto limekuwa la wastani, subiri hadi wiki ya nne tangu kadi za kwanza. Ikipita hiyo bila gamba jeusi, kuna tatizo kweli. Fuata mpangilio huu, kwa kuwa unaanza na lililo rahisi kuthibitisha.

*Kadi zenyewe.* Chukua kadi iliyotundikwa wiki mbili au tatu zilizopita na uhesabu matundu ya mviringo kwa lenzi. Pupa zilizototoa vizuri hufikia asilimia 80 au zaidi. Zikiwa chini ya nusu, kadi ndiyo mtuhumiwa. Pupa zilizojikunja na kukauka zilipata joto kali safarini au zilitundikwa juani. Zilizolowa na kuota ukungu zilinyeshewa na umwagiliaji wa juu. Ambazo hazina kasoro lakini hazikutotoa, mara nyingi ziliwekwa kwenye jokofu la kawaida la nyuzi 4 kwa siku kadhaa. Nyigu hawa huhifadhiwa kwenye nyuzi 8 hadi 10, gizani, kwa siku moja au mbili, si zaidi. Afadhali kuzitundika kesho yake kwenye kitalu kuliko kuzingoja "siku ya kazi".

Kuanzia mzigo unaofuata, fanya jaribio la chupa. Toa kadi mbili, hesabu pupa zote na utenge zilizokwisha kutoboka zilipofika. Weka kadi kwenye chupa angavu iliyofungwa kwa kitambaa chepesi chenye nyuzi zilizobanana, mahali penye nyuzi 22 hadi 25, mbali na jua. Baada ya siku 10 hadi 14 hesabu matundu mapya. Ukipata asilimia 70 tu, huna sababu ya kugombana na muuzaji kwanza. Rekebisha hesabu yako. Kitalu cha mita za mraba 500 kinachohitaji nyigu 3 kwa kila mita ya mraba kinataka nyigu 1,500. Kwa kadi za pupa 50, hizo ni kadi 30 kwenye karatasi, ila kwa utotoaji wa asilimia 70 unahitaji pupa 2,143, yaani kadi 43.

*Mabaki ya dawa.* Hiki ndicho chanzo kinachopuuzwa zaidi, kwa kuwa watu huhesabu siku za kusubiri kabla ya kuvuna kana kwamba zinamhusu nyigu. Hazimhusu. Dawa za kundi la pairethroidi huweza kubaki na sumu kwa Encarsia wiki 8 hadi 12 baada ya kupigwa, ndani ya kitalu ambako mvua na jua kali haviziondoi. Nyingi za kundi la oganofosfeti nazo hazifai. Neonikotinoidi zilizomwagwa kwenye mizizi ya miche huingia ndani ya mmea, na nyigu anayekunywa majimaji ya tunutu huzipata huko. Salfa inayofukizwa usiku dhidi ya ubwiri unga nayo huwadhoofisha. Na usisahau kwamba miche huja na historia yake: uliza kitalu cha miche kilipiga nini, lini, kwa njia gani. Plastiki, kamba za kuning'iniza na vyungu vilivyotumika msimu uliopita navyo hushika mabaki.

Huhitaji maabara kupima hili. Chukua chupa mbili. Kwenye moja weka jani kutoka kwenye kitalu chako, kwenye nyingine jani la aina hiyohiyo ambalo una hakika halijapigwa dawa. Ingiza kwa kila moja nyigu wazima 20 hivi waliototolewa kwenye kadi, paka tone dogo la asali kwenye ukingo wa juu, funga kwa kitambaa, na acha saa 24 kwenye kivuli. Wakifa wengi kwenye chupa ya kwanza na wachache kwenye ya pili, tatizo limepatikana, na kuongeza kadi ni kutupa pesa. Subiri, rudia jaribio kila baada ya wiki mbili, na wakati huo dhibiti inzi kwa sabuni ya kuulia wadudu au mafuta ya kilimo, kwa kipimo kilicho kwenye lebo. Vitu hivyo huua kwa kugusa vikiwa vibichi, na vikikauka vina madhara madogo kwa nyigu watakaokuja.

*Baridi.* Chini ya takriban nyuzi 18 nyigu huyu karibu haruki. Hutembea tu, na polepole. Joto linalomfaa ni nyuzi 20 hadi 27. Kipimajoto kinachosomwa saa sita mchana hakikuambii lolote. Tumia chenye kumbukumbu ya juu na chini, kitundike katikati ya majani, kivulini, na uangalie ni saa ngapi za mchana zinapita juu ya nyuzi 18. Usiku wa baridi si kosa lenyewe mradi mchana upate joto la kutosha, lakini wastani wa saa 24 ukishuka chini ya 20 makuzi ya nyigu hurefuka hadi mwezi na zaidi, na inzi mweupe, ambaye baridi hiyo haimsumbui sana, anamwacha mbali. Mwanga nao una sehemu yake: siku za mawingu mazito, mwanga ukiwa chini ya takriban laksi 7,000, nyigu hupunguza utafutaji. Palipo na baridi au giza la msimu, ama upashe joto, ama uongeze idadi kwa kila mita, ama ukubali kuanza baadaye. Kuongeza idadi kidogo na kuomba hali ya hewa ibadilike ndiyo njia ambayo wengi huichagua, na haifai.

*Inzi mweupe si yule.* Trialeurodes akipumzika huweka mabawa yake bapa, yakifunika mgongo na kufanya umbo la pembetatu. Bemisia tabaci, inzi mweupe wa tumbaku, huyasimamisha kama paa la nyumba na kuacha mwanya katikati. Kwenye hatua ya mwisho, tunutu wa Trialeurodes ameinuka kutoka kwenye jani, kuta zake wima na nyuzi za nta pembeni. Wa Bemisia ni bapa zaidi, wa manjano, na ukingo wake umelala kwenye jani. Bemisia aliyetagwa na Encarsia hageuki mweusi. Huwa wa kahawia inayopenyeza mwanga, na mkaguzi anayetafuta rangi nyeusi atasema hakuna kitu. Pindua jani kuelekea kwenye mwanga, utaona nyigu mdogo ndani.

Hata hivyo E. formosa si mahiri kwa Bemisia. Palipo na Bemisia wengi, tumia jenasi ya Eretmocerus: E. eremicus hushambulia aina zote mbili na huvumilia joto kali zaidi, E. mundus ni wa Bemisia. Hao hutaga chini ya tunutu, si ndani yake, na gamba lao huwa la manjano au la rangi ya maziwa ya kahawia. Ukiwa umeachia mchanganyiko, hesabu rangi zote, vinginevyo utadhani nusu ya nyigu wako wamepotea.

Magamba meusi yapo, ila inzi hawapungui

Hapa kinachosumbua mara nyingi ni hesabu ya mwanzo. Encarsia hufukuzia kundi dogo. Kanuni ya kufanyia kazi: ukitikisa mimea na kuona zaidi ya mzima mmoja kwa kila mmea kwa wastani, umechelewa kumwanzisha peke yake. Jike mmoja hutaga mayai machache kwa siku, na inzi waliokwisha kuwa wazima hawagusi kabisa. Wazima hao wanaendelea kutaga kwa wiki kadhaa, hivyo hata kama kila tunutu angetagwa leo, wingu jeupe litaendelea kuinuka ukigusa mmea.

Soma uwiano badala ya wingu. Kila wiki chagua mimea 20 iliyotawanyika, chukua jani moja la umri sahihi kwa kila mmea, na kwenye majani hayo hesabu tunutu wa hatua ya mwisho na magamba pekee: weusi wangapi, weupe wangapi. Achana na mayai na wachanga. Ukipata asilimia 20, wiki ijayo 35, kisha 50, usiguse kitu. Nyigu wanapanda na kazi inaenda. Kwenye asilimia 80 hadi 90 kundi la inzi huanguka lenyewe. Uwiano uliosimama kwa wiki tatu, au unaoshuka, ndio unaodai hatua.

Hatua yenyewe: punguza wazima kwanza. Piga sabuni kwenye vilele tu, asubuhi mapema, chini ya majani, kabla ya kutundika kadi mpya siku moja au mbili baadaye. Magamba meusi ya chini hayaguswi, na hata yakiguswa nyigu aliye ndani huwa amejikinga kuliko mzima. Kisha panda kutoka kiwango cha kinga cha nyigu 1 hadi 2 kwa mita ya mraba kila wiki, hadi nyigu 3 hadi 9, kwa wiki zisizopungua nne mfululizo. Kuachia wengi mara moja na kuacha ni kosa la kimuundo: inzi weupe wa umri wote wapo kwa pamoja, nyigu wa siku moja wanapata tunutu wa umri unaofaa wa siku hizo chache tu.

Gusa jani kwa kidole. Likinata, hilo ni tatizo la pili. Majimaji matamu ya inzi yakitapakaa, nyigu hunasa miguu na kutumia muda wake kujisafisha; ukimtazama kwa lenzi anasugua miguu na mabawa, hatua mbili, anasugua tena. Osha majani kwa maji ya shinikizo dogo, au ng'oa majani yaliyoharibika zaidi, kabla ya kutundika kadi. Majani yenye vinyweleo virefu, kama ya tango, hupunguza mwendo wa nyigu hata yakiwa makavu. Kwa mazao hayo anza mapema zaidi na kwa idadi kubwa kuliko ya nyanya.

Na angalia milango. Kama majani ya chini yana asilimia 80 ya weusi lakini vilele vimejaa wazima, na wengi wako upande wa dirisha au mlango, inzi hao wanatoka nje au kwenye magugu yaliyo kando ya kitalu. Nyigu hawana kosa hapo. Palilia ukanda wa mita kadhaa kuzunguka kitalu na ufunge nyavu.

Uwiano ulikuwa mzuri, ghafla ukaanguka

Uliza ni nani alipogoa majani na lini. Turudi kwenye hesabu ya majani matatu kwa wiki. Gamba hugeuka jeusi likiwa kwenye jani la kumi hadi la kumi na mbili. Nyigu anahitaji siku nyingine 10 hivi kutoka, na wakati huo jani limefika la kumi na nne hadi la kumi na sita. Mpogoaji anayeacha majani kumi na mbili kwenye mnyanya anabeba nje ya kitalu kizazi kizima cha nyigu, wiki hadi wiki, kwa bidii kubwa.

Njia mbili. Ama acha majani mawili matatu zaidi kwa kipindi cha kujenga kundi la nyigu, ama yapogoe kama kawaida lakini usiyatoe. Yalaze chini ya mistari, kwenye kivuli, yasilowe, kwa siku 10 hadi 14. Jani likinyauka, tunutu ambaye hajageuka mweusi hufa nalo, huku nyigu aliye ndani ya gamba jeusi akiendelea hadi kutoka. Kagua kwanza: lundo lenye weusi asilimia 80 linastahili kubaki. Lenye weupe wengi waliokomaa lipelekwe nje siku hiyohiyo ndani ya mfuko uliofungwa, kwa kuwa baadhi ya tunutu wa mwisho nao hutoka. Palipo na ukungu wa kijivu au bakteria kwenye majani, afya ya zao ina haki ya kwanza, na nyigu utawanunua upya.

Kama hakuna aliyepogoa, tafuta dawa. Mtu amepiga kitu dhidi ya vithiripi au viwavi bila kuuliza. Spinosadi, kwa mfano, huonwa na wengi kuwa laini kwa wadudu rafiki, lakini kwa nyigu hawa ni hatari hadi wiki moja au mbili.

Magamba ni meusi lakini hayatobolewi

Kwanza hakikisha ni magamba kweli. Ukungu mweusi unaoota juu ya majimaji matamu hufunika kila kitu, pamoja na tunutu hai. Ukwangue kwa ncha ya sindano: ukungu hutoka kama masizi, na chini yake gamba ni jeupe. Gamba lenye nyigu ni jeusi lote na linang'aa. Tunutu waliouawa na kuvu kama Beauveria hufunikwa na utando mweupe wa nyuzi, hao ni kitu kingine.

Kama ni magamba ya kweli, yapasue machache kwa sindano chini ya lenzi. Ukikuta nyigu mwenye macho na rangi, tumbo la manjano likionekana, yu karibu kutoka. Baridi imemchelewesha, mpe wiki. Ukikuta majimaji ya kahawia au kitu kikavu, wamekufa, mara nyingi kwa joto kali la muda mrefu au dawa iliyopenya. Matundu yenye kingo zilizochanika, yasiyo ya mviringo, ni ya mdudu mlaji. Kunguni wa jamii ya Macrolophus hula magamba meusi chakula kingine kikipungua. Huna haja ya kuwafukuza, ila usitegemee Encarsia asonge mbele katika kitalu chenye Macrolophus wengi na inzi wachache.

Sehemu moja imefanikiwa, nyingine imejaa inzi

Nyigu hawa hawasafiri mbali, hasa hewa ikiwa ya baridi. Tazama mpangilio wa kadi. Kutundika zote kando ya njia kuu ni jambo la kawaida, na matokeo yake ni njia kuu safi na pembe zilizooza. Sambaza kadi kwa umbali sawa, kisha ongeza mara mbili au tatu palipo na chimbuko la inzi: pembe zenye joto, karibu na mabomba ya kupasha joto, mlangoni. Chimbuko lililokwisha kuwa zito linaweza kupewa mbawakavu wa Delphastus, ambaye anataka inzi wengi na huepuka tunutu wenye nyigu aliyekomaa ndani.

Kadi huning'inizwa sehemu ya chini ya majani, kivulini, haigusi udongo, hailoweshwi. Sisimizi wakiwa wanapanda mmea watazimaliza pupa na tena watawalinda inzi kwa ajili ya majimaji matamu. Vunja madaraja yao, paka gundi kwenye nyaya za kutundikia, kisha acha kadi mahali pake kwa wiki tatu kabla ya kuiondoa.

Mitego ya njano imejaa nyigu

Nyigu wachache kwenye gundi ni habari njema. Angalau wapo na wanaruka. Wakianza kukaribia idadi ya inzi walionaswa, mitego ni mingi mno au iko chini mno. Mitego ya kunasa kwa wingi iondolewe kabla ya kuachia nyigu. Bakiza ya ukaguzi tu, mmoja kwa kila mita za mraba 100 hadi 200, na uiweke juu ya vilele ambako inzi wanaruka, mbali na kadi. Nyigu wengi wako chini kwenye majani makubwa.

Nyigu wanaotoka ni weusi watupu

Majike wa E. formosa huzaa majike bila dume, kwa sababu ya bakteria wa Wolbachia wanaoishi ndani yao. Joto likizidi nyuzi 30 kwa vizazi kadhaa, bakteria hao hufifia na madume huanza kutokea: tumbo lao ni jeusi. Wachache si tatizo. Wakiwa sehemu kubwa ya wanaototolewa kwenye kadi mpya, mzalishaji anapaswa kuambiwa. Wakitokea kitaluni baada ya msimu wa joto, fungua matundu ya hewa, weka kivuli, na uingize kadi mpya kwa wiki chache ili kurudisha majike.

Lipo jambo jingine linalofanana na hilo. Spishi nyingine za jenasi hii hujiingiza zenyewe kutoka nje, na baadhi, kama E. pergandiella, zina desturi ya kushangaza: madume yao hukulia juu ya watoto wa nyigu wengine, wakiwamo wa E. formosa. Dalili yake ni uwiano wa magamba meusi kuwa mzuri huku kizazi kinachofuata cha majike kikipungua bila dawa, bila baridi, bila upogoaji. Kuwatenganisha kunahitaji darubini na mtaalamu wa wadudu, kwa hiyo hifadhi magamba 50 hivi kutoka majani tofauti kwenye chupa kavu hadi nyigu watoke, kisha watie kwenye alkoholi ya asilimia 70 na uwapeleke. Wakati majibu yanasubiriwa, endelea kuachia kila wiki. Usitegemee kundi la ndani kujizalisha, na usihamishe majani kutoka kitalu hicho kwenda kingine.